MAKUMBUSHO YA RELI NI YETU PIA



Shule zikifungwa watoto hutuomba tuwapeleke matembezi mjini. Sisi wa reli hujibu kwamba hatuna nafasi, hatuna pesa, tena makumbusho ni mahali pa wageni. Neno hilo la mwisho twalikataa.

Hapo Nairobi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka stesheni, yapo Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971. Humo imesimama injini ya mvuke Na. 5918, iitwayo Mount Gelai, iliyoundwa Manchester miaka ya 1950. Uzito wake ni kama tani 250. Mtoto akisimama kando yake ndipo atakapofahamu kwamba kazi ya reli si mchezo.

Pia limo behewa ambamo Bwana Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, alinyakuliwa na simba usiku pale Kima mwaka 1900. Watu huipenda sana habari hiyo, nasi twataka watoto waisikie. Lakini tuwaambie na ya pili. Reli ilipojengwa kutoka Mombasa hadi ziwani, mwaka 1896 hadi 1901, vibarua zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 kati yao walikufa. Bwana Ryall ana behewa lake. Hao wengine, ni wangapi kati yetu wajuao hata jina la mmoja? Nani atawaeleza watoto habari zao kama si sisi tunaoishika kazi yao leo?

Wako wasemao, "Mtoto ataka chakula, si vyuma vya zamani." Ni kweli, chakula kwanza. Lakini mtoto asiyeijua kazi ya baba yake huionea haya. Wengine wetu tumekwisha kuulizwa nyumbani, "Baba, kazi yako ni kupaka grisi tu?" Tukakosa la kujibu.

Kwa hiyo twaomba kila tawi liweke akiba kidogo kila mwezi. Likizo ya Desemba watoto waende pamoja, wa karani na wa mfagiaji, na mama zao pia. Mzee mmoja aliyefanya kazi enzi za mvuke awaongoze, awaeleze kwa kinywa chake.

Mwenye fikira nyingine na aandike. Mwenye kukubali na amwone katibu wa tawi lake.