Mambo ya Nyumbani: Wezi wa Bustanini



Siku moja nalikuwa nimeketi barazani pa mama mmoja, mke wa mwalimu, aliye hodari sana wa kutarizi. Alikuwa akimtengenezea binti yake foronya za arusi, na magotini ameweka karatasi ya michoro iliyonunuliwa dukani. Mtoto wake mdogo akaja, akatazama, akauliza, “Mama, ua hili ni ua gani?” Mama akaitazama karatasi, akasema, “Ni ua tu, mwanangu.” Mtoto akaenda zake kucheza, lakini mama aliweka sindano chini kwa kitambo. Mishono yake ilikuwa safi, haina kasoro. Ila ua lile hakupata kuliona maishani mwake, wala hakujua jani lake hushikana vipi na shina. Alikuwa kama mtu anakiliye barua ya lugha asiyoijua: herufi zote sawasawa, bali maana haipati.

Jambo hili lilinikumbusha habari za fundi mmoja wa Uingereza, jina lake William Morris, aliyezaliwa mwaka 1834 akafa mwaka 1896. Kazi yake ilikuwa kubuni nakshi za nguo, mazulia na karatasi za kubandika ukutani, na karibu nakshi zake zote zimejaa majani na maua. Maua hayo hakuyatafuta mbali. Alipokuwa angali kijana alijenga nyumba yake ya kwanza, iitwayo Red House, karibu na London, na bustanini mlikuwa na fito zilizopandiwa waridi. Mwaka 1862 akazichora fito hizo pamoja na waridi zake, ikawa nakshi ya karatasi ya ukutani. Lakini ndege walimshinda kuchora, hata ikambidi kumwomba rafiki yake Philip Webb, aliyeibuni nyumba ile, amchoree. Basi tazameni, hata fundi mkuu ana mahali anaposhindwa, wala si aibu kuomba msaada.

Mwaka 1871 Morris alipanga nyumba ya zamani shambani, iitwayo Kelmscott Manor, karibu na mto Thames. Huko palikuwa na bustani ya matunda na mboga, na ndani yake matuta ya stroberi, tunda dogo jekundu litambaalo karibu na ardhi. Kila yalipoiva, ndege wadogo wenye madoadoa kifuani waliingia wakayala. Mtunza bustani alikasirika, akataka kuwanyonga. Nani kati yetu atamlaumu? Sisi tuliokwisha kukesha shambani na kombeo mkononi, tukilinda mtama na mpunga, twajua hasara ya ndege. Lakini Morris alikuwa akitoka asubuhi mapema kuwatazama wezi wale wakifanya kazi yao, akakataza ndege yeyote asidhuriwe katika bustani ile. Habari hii aliieleza binti yake, May.

Matunda yalipotea, lakini mwaka 1883 ikatokea nguo ya pamba ambayo Morris aliiita “Mwizi wa Stroberi.” Katika nguo hiyo ndege wamesimama wawili wawili kati ya maua na majani, na wengine wameshika tunda mdomoni. Mtu yule aliyeshindwa na ndege miaka ishirini na moja nyuma sasa aliwachora mwenyewe, kwa sababu alikuwa amewatazama.

Wala msidhani kwamba kuona kulitosha, kazi ya mikono isihitajiwe. Mwaka 1881 Morris alipata karakana mahali paitwapo Merton Abbey, kando ya mto Wandle. Nguo ile ilitiwa kwanza katika pipa la nili, ikawa buluu yote. Kisha fundi alipiga dawa ya kuondoa rangi kwa vibao vya mti vilivyochongwa, na kila palipopigwa, buluu ikatoka, pakabaki peupe au buluu hafifu. Baadaye zikatiwa nyekundu na manjano. Kazi hiyo ilichukua siku nyingi, na kwa hiyo nguo hii ilikuwa mojawapo ya nguo za pamba zilizouzwa ghali kupita nyingine katika duka lake. Hata hivyo watu waliinunua. Leo nguo za namna hiyo zimehifadhiwa katika jumba la Victoria and Albert Museum huko London, na nakshi yenyewe ingali ikichapwa.

Morris alifundisha kwamba mstari wa nakshi yapasa uonekane unakua, na hata unapokoma uonekane kama ungeweza kuendelea. Neno hili hulifahamu mtu aliyetazama mmea wenyewe. Ajuaye mmea hawezi kubandika ua hewani bila shina, wala kuliotesha jani mahali lisipoota.

Binti yake May aliushika mwendo huo huo. Mwaka 1885, akiwa na umri wa miaka 23, alipewa usimamizi wa kazi ya kutarizi katika kampuni ya baba yake, na mwaka 1893 akatoa kitabu cha kufundisha kazi hiyo. Yeye ndiye aliyebuni mapazia ya kitanda cha baba yake huko Kelmscott, yenye fito, maua na ndege, kama ile nakshi ya kwanza. May alifariki mwaka 1938 katika nyumba ile ile.

Wazee husema, “Mwenye macho haambiwi tazama.” Lakini sisi tushonao twahitaji kuambiwa, maana macho yetu yamezoea karatasi. Walimu, waambieni watoto walete darasani mmea mmoja wa nyumbani: kunde, mbaazi, asumini, boga, cho chote kilichopo. Kwanza waulizeni: jani huota wapi? Ua hutazama juu au chini? Ni mdudu gani aliyelitoboa? Wakisha kujibu, ndipo wachore.

Mama yule nalimwona tena baada ya mwezi. Foronya ya kwanza aliiacha kama ilivyo, kwa kuwa kazi njema haifumuliwi ovyo. Katika ya pili alikuwa ameanza ua la boga, manjano, pamoja na vile vikono vyembamba vijisokotavyo. Shina alikuwa amelifumua mara tatu. Akaniambia, “Naogopa wakwe watacheka. Nani alipata kuona boga juu ya mto wa bibi arusi?” Sikuwa na jibu la kumpa, maana kweli huenda wakacheka. Lakini mtoto alipita, akaweka kidole chake juu ya uzi, akasema, “Hili la kwetu, la nyuma ya jiko.” Mama akainama akaendelea kushona.