Klabu bila daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tumeizoea kuitumia kwa mambo ya biashara, lakini muhula uliopita nilitambua kwamba yaihusu kandanda pia. Niliwapa wanafunzi wangu wa hapa Kimana kazi ya insha: kila mmoja aandike historia ya klabu aipendayo. Kati ya wanafunzi 42, 39 waliandika juu ya Arsenal, Manchester United, Chelsea na Liverpool. Walitaja miaka, makocha na mabao kana kwamba walilelewa Uingereza. Wawili waliandika juu ya Gor Mahia na AFC Leopards. Mmoja tu, kijana mpole aketiye nyuma, aliandika juu ya timu ambayo babu yake aliichezea hapa hapa miaka ya 1970.

Insha yake ilikuwa ya nusu ukurasa. Alisema kwamba wachezaji walikuwa wana wa wafugaji na wana wa wakulima wa nyanya na vitunguu, Wamaasai kwa Wakamba kwa Wakikuyu, na kwamba walipasiana mpira hata katika misimu ambayo wazazi wao walikuwa wakigombea maji ya mitaro. Hapo akaweka nukta. Nilipomwuliza mbona ameishia njiani, alinijibu: "Mwalimu, babu amesahau mengine, na daftari la timu lililiwa na mchwa."

Jibu hilo halijaniondoka moyoni. Sikatai kwamba vijana wana haki ya kuzishabikia timu za ng'ambo. Mpira mzuri ni mpira mzuri popote uchezwapo. Ninalolilalamikia ni kwamba tumewafundisha, kwa kunyamaza kwetu, kuamini kuwa historia ni ya wakubwa na walio mbali, na kwamba kiwanja cha vumbi walichokulia hakina lolote la kusimuliwa.

Hebu tutazame nyuma kidogo. Ligi ya taifa ya Kenya ilipoanza mwaka 1963, mwaka ule ule tuliojipatia uhuru, bingwa wake wa kwanza hakutoka Nairobi. Alikuwa Nakuru AllStars, klabu ya mji wa Bonde la Ufa, ambayo ilirudia ushindi huo mwaka 1969. Mwaka 1965 ubingwa ulikwenda pwani, kwa Feisal ya Mombasa. Luo Union, bingwa wa mwaka 1964 na 1975, ilitwaa pia kombe la vilabu vya Afrika Mashariki na Kati mara mbili mfululizo, mwaka 1976 na 1977. Ilipotolewa amri ya kuondoa majina ya kikabila mwaka 1980, ikajiita Re-Union, na baadaye ikafifia. Ni wanafunzi wangapi leo wawezao kuyataja majina haya? Na je, sisi walimu wao?

Wala tusidhani kwamba ni ya kale tu yasahaulikayo. Oserian Fastac, timu ya shamba la maua kule Naivasha, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2001 na 2002. Miaka michache baadaye haikuwapo tena. Klabu itegemeayo mfuko mmoja hufa siku mfuko huo ufungwapo, na isipokuwa na watu wa kuisimulia, hufa mara ya pili.

Kwa nini basi nyingine hudumu? Jibu moja naliona Mathare, Nairobi. Mwaka 1987 Bob Munro, raia wa Kanada, alianzisha huko chama cha michezo cha vijana kiitwacho MYSA, miongoni mwa watoto waliocheza mpira wa karatasi za plastiki zilizofungwa kwa kamba. Kanuni yake ilikuwa ya ajabu: timu ilijipatia alama si kwa kushinda mechi pekee, bali pia kwa kuzoa takataka na kuzibua mitaro ya mtaa wake. Kutokana na ligi hiyo ya watoto ilizaliwa Mathare United mwaka 1994. Mwaka 1998, ikiwa bado haijaingia ligi kuu, ilinyakua Kombe la Moi Golden, na mwaka 2000 ikalinyakua tena. Mwaka 2008 ikawa bingwa wa Kenya. Katika miaka ya 2020 imeonja uchungu wa kushuka daraja, na ikajikaza ikapanda tena. Imeweza kuinuka kwa sababu haikuwa ya tajiri mmoja. Ilikuwa ya mtaa ulioifanyia kazi kwa mikono yake.

Hata Ulaya, tunakokuhusudu, somo ni lile lile. Nchini Ureno ubingwa umekuwa ukizunguka kati ya Benfica, Porto na Sporting kwa muda wote wa ligi yao, isipokuwa mara mbili tu: Boavista mwaka 2001, na kabla yake Belenenses, klabu ndogo ya mtaa wa Belém jijini Lisbon, mwaka 1946. Mfungaji wake mashuhuri wa miaka ya 1950, Matateu, alizaliwa Msumbiji. Mwaka 2018 wanachama wa Belenenses walitengana na kampuni iliyokuwa ikiendesha timu ya wachezaji wa kulipwa. Timu ya kampuni ikabaki ligi kuu. Wanachama wakalichukua jina lao na nembo yao wakaanza upya katika madaraja ya chini kabisa ya Lisbon. Kufikia mwaka 2023 walikuwa wamepanda hadi daraja la pili. Watu hawa walijua klabu yao ilikuwa nini kwa sababu historia yake ilikuwa imeandikwa, na wao walikuwa wameisoma.

Mwalimu mwenzangu mmoja ameniambia kwamba mtihani wa taifa hauulizi habari za timu za vijijini. Ni kweli. Lakini mtihani unauliza fasihi simulizi, na fasihi simulizi hukusanywa nyanjani kwa wazee. Somo la historia linataja masimulizi miongoni mwa vyanzo vyake. Insha inataka mwanafunzi aandike alijualo. Kazi hii basi haituongezei mzigo. Inaubeba ule tulio nao tayari.

Na gharama yake ni daftari moja lenye jalada gumu. Kila mechi iandikwe: tarehe, mahali, majina ya wachezaji, mabao, mwamuzi, na aliyetoa mpira. Nakala ya pili ikae katika maktaba ya shule, mbali na mchwa. Siku wafugaji na wakulima watakapozozana tena juu ya maji, na siku hiyo haiko mbali kila kiangazi kiingiapo, yafaa pawe na kitabu kiwezacho kuwaonyesha kwamba wana wao waliwahi kuvaa jezi moja.

Yule kijana nilimrudishia insha yake bila ya kuitia alama. Nilimwomba aende tena kwa babu, na safari hii awakutanishe wazee wawili waliocheza naye. Wazee watatu wakiketi pamoja, mmoja humkumbusha mwenziwe. Alirejea na kurasa tatu na majina tisa. Wawili waliosalia bado tunawatafuta.

Nawe msomaji, timu ya kijijini kwako ilikuwa na akina nani?