Utabiri wa mahafali: muulize alitabiriwa nini

Msimu wa mahafali ya kidato cha nne umefika, na utabiri wa wanafunzi nao umeanza. Anayesinzia darasani atakuwa mbunge. Mwenye madeni kantini atakuwa waziri wa fedha. Wanacheka wote, hata mwenyewe.

Lakini upo utabiri mwingine: "Bonge atafungua banda la chipsi, azimalize mwenyewe." "Na chunusi hizo, nani atakuoa?" Hapo mhusika hucheka kwa mdomo tu. Yuko kwenye rika balehe, ambalo Shirika la Afya Duniani hulihesabu kuwa miaka 10 hadi 19. Mwili unabadilika bila kumwomba ruhusa, na neno moja juu yake hukaa.

Mzazi, akirudi usiishie kuuliza kama pilau lilitosha. Muulize, "Wewe walikutabiria nini?" Akisimulia huku anacheka, cheka naye. Akinyamaza, akianza kukataa chakula au kujifungia chumbani, usimwambie ni utani tu. Kaa naye, msikilize. Hali hiyo ikifika wiki mbili, mpeleke kituo cha afya. Mtihani wa taifa ni Novemba. Aingie akiwaza maswali, si chunusi.