Acheni kuandika maelezo ya matundu kwa mkono!

Sisi wa ualimu wa ufundi tunachorea Inventor, na kuna tabia inanikera kweli. Mtu ana matundu kumi na mbili, anafuta maelezo ya programu kwenye kila moja na kuandika ya kwake. Eti yale hayapendezi!

Ni kweli hayapendezi. Fundi karakana anataka kuona M8, keekee 6.8, kina 20, basi. Siyo M8x1.25 - 6H na alama zake zote. Lakini jamani, si unaingia kwenye mitindo ya vipimo, unapanga mara moja tu tundu la hesi lisomekeje na la kupenya lisomekeje, unahifadhi kwenye kiolezo? Hapo ukibadili tundu liwe M10, mchoro wenyewe unaandika M10, keekee 8.5. Yale ya mkono yatabaki M8, na fundi atatoboa M8. Utamlaumu nani?

Mimi naona hili lifundishwe kabla hata ya mchoro wa kwanza, darasa zima kiolezo kimoja. Kusahihisha michoro arobaini yenye mitindo arobaini? Sitaki hata kuwaza, na field ndo hiyo inakuja.