Ufa wa Mlimani Hauzibwi kwa Karatasi

Mpenzi msomaji, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nimeitumia katika insha zangu tangu shule ya msingi, na kila mara mwalimu alinitilia alama ya vema pembeni. Ila ufa wenyewe sikuwahi kuuona kwa macho yangu hadi Aprili 2024. Bila shaka wengi wenu mnaikumbuka likizo ile, kwa kuwa mvua ilizidi hata shule zikachelewa kufunguliwa kote nchini.

Kwetu ni kwenye miteremko ya mashariki ya milima ya Nyandarua. Huko mashamba yamesimama wima kama ngazi iliyoegemezwa ukutani. Ukiangusha kiazi juu, utakiokota mtoni. Siku hiyo baba alitoka kukata nyasi ya nepia, akarudi mikono mitupu. Akatuambia, "Njooni mwone." Juu ya boma la jirani yetu ardhi ilikuwa imepasuka mstari mrefu uliopinda kama mundu. Kiganja changu kiliingia ndani ya ule ufa bila kugusa kando.

"Huu si ufa wa kiangazi," baba akasema. "Mlima unataka kushuka."

Jioni ile jirani, mkewe na watoto wao walihamia kwetu na blanketi zao. Tulilala kumi na mmoja katika vyumba viwili. Alfajiri tukasikia kishindo kama cha lori likimwaga kokoto. Kulipokucha, jiko la jirani halikuwapo, zizi halikuwapo, wala ng'ombe hakuwapo. Roho za watu zilipona, tunamshukuru Mungu. Lakini ng'ombe yule ndiye aliyekuwa karo. Binti yao, ambaye alikuwa kidato cha kwanza, alikaa nyumbani muhula mzima. Sasa yu nyuma yetu darasani, ilhali kichwa chake ni chepesi kuliko changu.

Matanga ya ng'ombe hayana hotuba, lakini majirani walikuja kutoa pole, na kila mmoja alisema, "Ni kazi ya Mungu." Mimi nilinyamaza kwa sababu mtoto habishani na wakubwa. Leo nimepewa kalamu na chama chetu, kwa hivyo nitasema. Mvua ni ya Mungu, naam. Je, lile tingatinga lililokuja Agosti iliyotangulia pia lilikuwa la Mungu? Mtu mmoja alilileta akakata guu la mlima chini ya boma lile, ili apate ploti iliyo sawa ya kujenga maduka. Alikata ukuta wa udongo ulio mrefu kuliko nyumba, akauacha wazi bila hata jiwe moja la kuuzuia.

Mwalimu wetu wa Jiografia alitufafanulia jambo hili vizuri. Udongo wa kwetu ni mwekundu na una kina kirefu. Mvua ikinyesha siku nyingi mfululizo, maji huzama ndani, udongo ukawa mzito na kulegea. Mizizi ya miti hushika tabaka la juu kama vidole. Guu la mlima nalo huzuia mzigo wote ulio juu yake. Sasa wewe ng'oa miti juu, kata guu chini, kisha elekeza katikati maji ya barabara na ya paa za mabati. Mlima utafanya nini kama si kushuka?

Wala si kwetu tu. Novemba 2019 maporomoko yaliua zaidi ya watu 40 huko Pokot Magharibi, usiku, wengi wakiwa usingizini. Novemba 2025 ikawa zamu ya Chesongoch, Elgeyo-Marakwet, na zaidi ya watu 20 wakafa. Kila mara tunaona wakubwa wakishuka kwa helikopta, wakigawa unga na blanketi, wakitoa pole na ahadi. Baadaye matope hukauka, na ahadi nazo hukauka.

Labda utauliza, kwani hakuna sheria? Ziko, tena tele! Kanuni za kilimo za mwaka 1965 zilisema kwamba shamba lenye mteremko wa zaidi ya asilimia 12 hadi 35 lisilimwe bila kukingwa na mmomonyoko, na lenye mteremko unaozidi asilimia 35 lisilimwe kabisa. Sheria ya Mazingira ya 1999 inaitaka kamati ya mazingira ya kila kaunti itambue milima na vilima vilivyo hatarini, pamoja na mahali ambapo maporomoko yamewahi kutokea. Katiba ya 2010 iliziachia kaunti kazi ya kupanga matumizi ya ardhi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inataka kila kaunti iwe na mpango wa miaka 10 wenye ramani. Na sheria ya 2019 ya mipango ya ardhi inasema usiendeleze ardhi bila kibali cha kaunti. Kwa karatasi, Kenya haina upungufu.

Baba alikwenda kuitafuta karatasi hiyo katika ofisi moja ambayo sitaitaja. Alivaa koti lake la kanisani. Mazungumzo yalikuwa hivi, kama alivyotusimulia:

"Kijana wangu, nataka kujua kama boma langu liko mahali pa hatari."

"Mzee, mpango uko. Uko kwa kabati."

"Naweza kuuona?"

"Bado haujapitishwa. Rudi Jumanne."

Jumanne ilifika, baba akaenda, akaambiwa mwenye ufunguo yuko semina. Mpaka ninapoandika makala haya hajauona mpango huo. Lakini ufa aliuona bila ufunguo wa mtu.

Sasa sikiliza, mpenzi msomaji, kwa maana hapa ndipo penye ubishi katika kijiji chetu, na hata katika bweni letu.

Wako wanaosema, "Shamba ni langu na hati ninayo. Nani ataniambia nijenge wapi?" Hao ninawaelewa. Ekari moja imegawiwa ndugu wanne, na ndugu wanne wana watoto. Mtu hapandi mteremkoni kwa kupenda kizunguzungu. Lakini hati yako inaishia kwenye mpaka, na udongo ukianza kuporomoka hausomi mpaka. Yule mwenye ploti alichimba kwake, mlima ukaangukia kwa mwingine.

Wako na wengine wanaosema, hasa wale wa mjini, "Serikali iwahamishe wote, milima ibaki miti mitupu." Jameni! Nilichukua protrakta, nikafunga uzi kwenye kitovu chake na kuning'iniza jiwe, nikapima shamba letu. Nilipata digrii 27. Maana yake, ukienda mita 100 mbele kwa usawa, umepanda zaidi ya mita 50. Asilimia 35 waliyoitaja wale wa 1965 ni chini kidogo ya digrii 20. Kwa kanuni ile, nyanya yangu amekuwa mhalifu tangu alipoolewa! Ukiwaondoa wote walio juu ya kipimo hicho, utaondoa karibu kijiji kizima, na utawapeleka wapi?

Nyanya ndiye aliyenifungua macho. Yeye alizaliwa Murang'a, wakati huo ikiitwa Fort Hall, na mnamo 1947 alikuwa kitoto cha kubebwa mgongoni. Mamake alimsimulia jinsi serikali ya Mkoloni ilivyowalazimisha wanawake kuchimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, asubuhi kadhaa kila juma, bila malipo. Waume wengi walikuwa mijini na kwenye mashamba ya walowezi kutafuta mshahara. Mwaka huo na uliofuata wanawake waligoma, wakaweka majembe chini. Historia imeandika mgomo huo.

Nikamwuliza, "Nyanya, mitaro ilikuwa mibaya?"

Akacheka. "Mtaro haukuwa mbaya, mjukuu wangu. Kibaya kilikuwa kiboko. Kitu cha kiboko, kiboko kikiondoka, nacho kinaondoka."

Sasa linganisha na Machakos. Katika miaka ya 1930 vilima vya huko vilikuwa vimechunwa na mmomonyoko hata wataalamu wakavikatia tamaa. Katika miaka 60 iliyofuata watu waliongezeka zaidi ya mara tano, na ungedhani udongo wote ungeishia baharini. Kumbe la! Mmomonyoko ulipungua. Vikundi vya mwethya, vyenye wanawake wengi, vilichimba matuta ya fanya juu: unachimba mtaro kando ya mteremko, udongo unautupa upande wa juu, na miaka ikipita shamba linakuwa ngazi pana zilizo sawa. Walifanya hivyo kwa sababu matuta yaliwaletea mahindi, kahawa na fedha, na mtaro ulikuwa wa mwenye shamba mwenyewe. Jembe lilikuwa lile lile la Fort Hall. Tofauti ni nani aliyeamua.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Mpango wa mlima utafaa kitu endapo tu wakaao mlimani watauona, watauelewa na watakuwa wameutia mkono wao. Mpango uliofungiwa kabatini ni sawa na kutokuwa na mpango. Na mpango wa kiboko utadumu hadi kiboko kichoke.

Ningekuwa mkubwa wa kaunti, ningeanza na mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji helikopta.

Kwanza, ramani ya maeneo ya hatari ibandikwe ukutani kwa chifu, sokoni na shuleni, kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama. Irangiwe rangi tatu tu: hapa usijenge, hapa jenga kwa masharti, hapa jenga. Wazee waulizwe kabla haijachorwa, maana wao wanajua mlima uliporomoka wapi zamani.

Pili, tingatinga lisikate guu la mlima hata hatua moja kabla ya mkaguzi kufika kwa miguu yake. Atakayepewa kibali ajenge ukuta wa mawe na mfereji wa maji kwanza, maduka baadaye. Na hata serikali yenyewe inapochonga barabara isimwage maji yake katika shamba la mtu.

Tatu, kilele na kingo za mito zirudishiwe miti ya asili, na si mikaratusi kila mahali kwa sababu inakua upesi. Sehemu za kati zibaki na chai, nepia na matuta, ili mtu ale na udongo ukae. Familia chache ambazo kwa kweli haziwezi kukaa zilipo zipewe mahali karibu na watu wao, kabla ya mvua. Zisingoje mpaka baada ya mazishi.

Nne, wale wa bondeni wachangie. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika milima hii ya Nyandarua, kupitia bwawa la Ndakaini. Mkulima anayeshika udongo wake juu anamchujia maji mtu wa mjini. Tangu 2015 upo mfuko wa maji wa Upper Tana na Nairobi, unaowasaidia wakulima wa huku juu kuchimba matuta na kupanda nyasi za kukinga. Huo ni mwanzo mwema. Lisilo haki ni mtu wa mjini kunywa maji safi, halafu amlaumu mkulima wa mlimani kwa kuharibu mazingira.

Nasi wanafunzi je? Tusijifanye wageni. Hebu tazama nyuma ya maktaba yetu, pale tunapopitia njia ya mkato kwenda uwanjani. Nyayo zetu zimeondoa nyasi zote, na kila mvua mfereji unazidi kuchimbika. Nimeupima ule mteremko pia: digrii 16. Ninawaomba viranja, wanachama wa Kiswahili na wale wa Jiografia, tuchimbe fanya juu mbili pale kabla ya mvua za masika, tupande nyasi, na tuzunguke kwenye njia halali hata kama kengele imelia. Nitakuwa wa kwanza kushika jembe. Mkinikuta nikipita mkato, nichekeni.

Na ukifika nyumbani likizo hii, ikiwa kwenu ni mlimani, chukua protrakta, uzi na jiwe. Pima. Kisha panda juu ya boma lenu uangalie ardhi kwa makini. Ukiona ufa uliopinda kama mundu, usiandike insha. Waite wazee, ondokeni usiku uo huo, halafu kesho yake nendeni wengi ofisini mkaulize mpango uko wapi. Baba yangu alikwenda peke yake, akaambiwa arudi Jumanne. Wakienda watu mia moja, labda ufunguo utapatikana siku hiyo hiyo.

Mwanachama, Kidato cha Nne