Tusigawe yote mwezi wa kumi na mbili



Kila mwaka mwezi wa kumi na mbili ukikaribia, tunaona jambo moja katika vijiji karibu vyote tunamopita. AVEC inafungua sanduku yake ya kufuli tatu, komite inahesabu, wanagawa mpaka franga ya mwisho. Siku hiyo ni furaha. Kisha sikukuu inakula yake, minervali inakula yake, deni la duka linamaliza. Mwezi wa pili, wakati wa kununua mbegu ya saizoni B, mutu anarudi kukopa. Tunajua wamemba wenye miaka sita ndani ya AVEC, na kila mwaka wanaanza tena kwa zero.

Maoni yetu sisi maagronomu ni hii: tusigawe yote. Feza ni ya wenyewe, na kugawa si kosa. Lakini kila memba atenge sehemu moja juu ya tano, aipeleke kwa kitu ambacho hatagusa miaka mitatu, mitano, hata kumi.

Mutu atasema: «Mimi niko na kidogo sana, hiyo ni mambo ya matajiri.» Tuhesabu pamoja. Miche 100 ya kahawa arabika, kwa nafasi ya metre 2 kwa 2, inaomba kipande cha metre 20 kwa 20 tu. Miaka miwili ya kwanza unapanda maharagi katikati ya mistari, na ndizi kwa kivuli. Mwaka wa tatu unaona matunda ya kwanza. Kuanzia mwaka wa tano ni mavuno ya kweli, na muti wenye kutunzwa unaweza kuzaa zaidi ya miaka 20. Zungusha grevillea kando ya shamba: matawi yanakupa kuni, na nyuma ya miaka mingi muti unakupa mbao.

Na yule anayeficha franga ndani ya kitambaa? Mwanzo wa 2016 dolari moja ilikuwa karibu franga 930. Mwisho wa 2023 ilikuwa imepita 2.500. Aliyefunga franga 93.000 siku ile alifunga dolari 100. Alipofungua mwisho wa 2023, hazikufika 40. Na hakuna mwizi aliyeingia kwake.

Hapa lazima tuseme na kosa letu. Kuna mwaka tulifika kwa kikundi kimoja na miche, tukasukuma watu wapande. Tulihesabu miti, tukapiga foto, tukaandika raporo. Hatukuuliza watu watakula nini miaka mitatu. Mama mmoja mujane alikopa ili alipe wafanyakazi wa kuchimba mashimo. Mwaka wa pili mutoto akagonjwa, deni liko juu yake, akiba hakuna. Akauza shamba na kahawa ndani, mbele haijazaa. Tulipopita tena, kahawa ilikuwa nyekundu, muzuri sana, na yule mama alikuwa anaichuma kwa malipo ya siku, ndani ya shamba lililokuwa lake. Hilo hatujasahau. Tulimupa miche bila kumusaidia kuvumilia mpaka izae.

Ndiyo maana leo tunasema kuna utaratibu, na usiurukе.

Kwanza, akiba ya matatizo. Wenye MUSO wanajua: kisanduku chekundu ni cha ugonjwa na kilio, kijani ni cha kukopeshana, bluu ni cha feza inayotoka inje. Mbele ya kupanda kitu cha miaka, hakikisha uko na kitu cha kula na kujitunza kwa miezi miwili ao mitatu. Bila hiyo, shida ya kwanza itakuuzisha muti.

Pili, uangalie udongo ni wa nani. Huku Bushi, mwenye kalinzi anaweza kupanda kahawa. Mwenye bwasa analipa kwa muda mufupi na haruhusiwi kupanda miti ya kudumu. Ukipanda, utapandia mwenye shamba. Kama uko wa bwasa, chagua mbuzi, ao sehemu yako katika kooperative, na uendelee kutafuta udongo pole pole.

Tatu, usikope kwa kitu kinachochelewa. Mukopo wa AVEC unaomba kurudishwa kisha miezi michache, na kahawa inaomba miaka mitatu. Hizo mbili hazitembei pamoja. Ukikosa feza ya miche 100, panda 30 mwaka huu na 30 mwaka ujao.

Ine, usiweke yote mahali pamoja. Bei ya arabika inafuata soko ya New York, hakuna komite yetu inayoiamuru. Ugonjwa wa mnyauko umemaliza ndizi za watu wengi ambao hawakuwa na kitu kingine.

Tano, ukimbie anayeahidi kuzidisha feza kwa wiki chache. Wazee wanakumbuka Bindo ya Kinshasa, mwaka 1991: wa kwanza walilipwa kwa feza ya waliofuata, mpaka ikaanguka na akiba ya watu.

Wengine wanatuuliza: «Na tukikimbia vita?» Swali ni la kweli, na hatuna jibu la kufurahisha. Muti haubebwi, na mbuzi inaweza kukamatwa. Kwa hiyo kidogo kikae mukononi, kidogo kwa udongo, kidogo kwa umoja. Lakini tumeona waliorudi wakakuta nyumba haina bati tena, na kahawa yao, ndani ya majani marefu, ingali hai. Walikata majani, wakaanza hapo.

Tunaomba komite ziweke swali hili kwa mukutano mbele ya kugawa. Mbegu ya kahawa ikiingia pepinieri mwezi wa kwanza, miche itakuwa tayari mvua ya mwezi wa tisa. Anayengoja kujua atafanya nini mpaka feza iishe, atangoja mwaka muzima tena.