Mtoto anakwenda mlimani? Viatu kwanza, begi baadaye

Barua ya shule ilikuwa na mistari michache tu. Wanafunzi wa kidato cha pili na cha tatu wanaopenda watapanda Mlima Kilimanjaro likizo ya Juni, kwa njia ya Marangu, na kila mzazi amnunulie mwanawe "viatu vinavyofaa na begi la mgongoni". Viatu vinavyofaa ni vipi, barua haikusema.

Mama mmoja wa Kimara, Dar es Salaam, alifanya ambalo wazazi wengi wangefanya. Jumamosi alishuka Karume alfajiri, wakati marobota yanafunguliwa, akarudi na buti za ngozi zenye soli nene, nzuri kwelikweli, kwa bei ambayo dukani asingepata hata raba. Binti yake anavaa namba 38. Buti zilikuwa namba 40.

"Akikua zitamfaa," alimwambia mumewe, na mumewe akaona hiyo ni hesabu nzuri.

Hesabu hiyo imelea familia nyingi. Sare hushonwa na upindo mrefu, sweta hununuliwa likiwa linafika mapajani, na viatu vya sikukuu huwekwa pamba mbele mwaka huu ili mwakani vikae sawa. Kwa mtoto anayetoka nyumbani hadi kituo cha daladala hakuna shida kubwa. Kwa mtoto atakayetembea siku tano, akipanda na kushuka na mzigo mgongoni, kiatu cha "akikua" kinaweza kumrudisha nyumbani kabla ya wenzake.

Mguu ukiwa na nafasi ndani ya kiatu huwa unatembea safari yake peke yake. Wakati wa kupanda, kisigino huinuka na kushuka, kinasugua, na baada ya saa moja ngozi imeanza kuwaka. Baada ya saa tatu ni lengelenge. Wakati wa kushuka, mguu wote huteleza mbele na vidole vikagonga ncha ya kiatu, hatua baada ya hatua, mpaka kucha zinageuka nyeusi.

Watu wengi huwaza kupanda tu. Lakini kwa njia ya Marangu, watoto wakishatoka juu hulala Horombo, kwenye mwinuko wa mita 3,700 hivi, na kesho yake hushuka mpaka getini, karibu kilometa 20 kwa siku moja. Kiatu kibaya hujulikana siku hiyo, na siku hiyo hakuna njia nyingine ya kufika nyumbani isipokuwa kuitembea.

Namna ya kupima

Kiatu cha safari hupimwa jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na mlimani utavimba vilevile. Kinapimwa na soksi zilezile atakazovaa mtoto, si miguu mitupu wala soksi nyepesi za shule. Kamba zikishafungwa, mbele ya kidole kirefu kuliko vyote ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mtu mzima. Kisigino kisiinuke mtoto anapotembea. Halafu apelekwe kwenye ngazi au mteremko, ashuke akikanyaga kwa nguvu. Vidole vikigusa mbele, kiatu hicho kirudishwe, hata kama muuzaji anaapa kwamba kitatanuka. Ngozi hutanuka kwa upana, lakini urefu wa kiatu haubadiliki.

Kwa kawaida hiyo itakuwa nusu namba au namba moja juu ya kiatu cha shule, si mbili. Kinachobana nacho hakifai: damu haifiki vizuri vidoleni, na kwenye baridi kali vidole ndivyo huanza kufa ganzi.

Mzazi anayekwenda sokoni bila mtoto anaweza kuchora nyayo zote mbili kwenye kadibodi mtoto akiwa amesimama, kisha akazikata. Mguu mmoja mara nyingi huwa mkubwa kuliko mwingine, na kiatu hununuliwa kwa ule mkubwa. Kipande cha kadibodi kikiingia ndani ya kiatu bila kujikunja, na mbele kikabaki na nafasi, angalau safari ya Karume haitakuwa ya kubahatisha.

Buti zilizokufa ndani

Yule mama alikuwa na bahati katika jambo moja: barua ilifika Aprili. Baba aliamua kwamba kila Jumapili atatembea na binti yake. Jumapili ya kwanza walizunguka Kimara tu, kwenye tope la masika. Ya pili walikwenda vilima vya Pugu, binti akiwa na begi la shule lenye chupa nne za maji za lita moja moja. Maji ni mzigo mzuri wa mazoezi, kwa sababu kila lita ni kilo moja, na mtoto akichoka mzigo unamwagwa njiani.

Hawakumaliza. Walipofika mbali kidogo binti alianza kuchechemea, lakini hakusema kitu, maana alijua mama amejinyima kununua buti zile. Baba ndiye aliyemwambia akae chini avue. Visigino vyote viwili vilikuwa vimechubuka. Na alipoishika buti ya kushoto aone ndani, aliona ufa mwembamba kati ya soli na ngozi, umezunguka kuanzia kisiginoni.

Fundi viatu wa mtaani aliiangalia kwa muda mfupi sana. Aliikunja, akabonyeza kwa ukucha ile sehemu laini iliyo juu ya soli, ikamomonyoka kama keki iliyokauka. "Mama, hii naweza kuigundisha leo," alisema, "lakini kesho itaachia palepale. Hapa katikati pameshakufa."

Hilo wanunuzi wengi wa mitumba hawalijui. Buti nyingi za kutembelea milimani zina tabaka laini la plastiki ya povu katikati ya soli, linalopunguza mshindo. Tabaka hilo huharibika kwa unyevunyevu na umri, hata kiatu kikikaa kabatini bila kuvaliwa. Ndiyo maana buti inaweza kuonekana mpya, ngozi inang'aa, meno ya soli hayajalika, kumbe imekaa kwenye sanduku la mtu huko ilikotoka miaka kumi. Ikipata mzigo na maji, soli inabaki kwenye tope na mguu unaendelea mbele.

Kuitambua si kazi ngumu. Kiatu kikunjwe kwa nguvu mara kadhaa, kisha pale katikati paangaliwe kama pana nyufa ndogo ndogo. Pabonyezwe kwa ukucha: palipo pazima hurudi, palipokufa hubaki na alama au humeguka. Kiatu kizima pia hujikunja karibu na vidole, pale mguu unapojikunja, si katikati ya unyayo. Kikijikunja katikati kama ndala, hakiwezi kubeba mtu na begi.

Mitumba si mibaya. Wiki iliyofuata mama alirudi sokoni, safari hii na binti, na walipata viatu vyepesi vinavyofunika kifundo, namba 39, vyenye soli hai, vya bei ya chini kuliko zile za kwanza. Vilibaki kama wiki tano kabla ya safari. Binti alivivaa kwenda dukani, kwenye masomo ya ziada, mpaka wakati wa kuosha vyombo, na mdogo wake akamcheka. Acheke tu. Kiatu kinachovaliwa kwa mara ya kwanza getini Marangu ni kiatu kigeni, hata kiwe cha bei gani.

Ni kwa sababu hiyo pia kwamba kukodi viatu Moshi si wazo zuri, ingawa vitu vingine vingi hukodishwa huko kwa nafuu: mfuko wa kulalia, koti zito, magongo ya kutembelea, koti la mvua. Hivyo mzazi hana haja ya kuvinunua kwa safari ya mara moja. Viatu na soksi viwe vya mtoto mwenyewe.

Na soksi zisiwe za pamba. Pamba ikishanyonya jasho hukaa nalo, ngozi inalainika, na ngozi iliyolainika hupata lengelenge upesi. Za sufu, au za nailoni na polista zilizo nene, ni bora. Wengine huvaa nyembamba ndani na nene juu ili zisuguane zenyewe na kuuacha mguu. Mtoto afundishwe kusimama mara tu anapohisi sehemu inawaka, abandike plasta hapo hapo, bila kumwonea haya mwalimu.

Kanuni hiyohiyo ya pamba inahusu nguo zote. Jezi ya Simba au Yanga ya kitambaa cha polista inafaa kuvaliwa ndani kuliko fulana nzuri ya pamba, kwa sababu hukauka upesi, na suruali ya trakisuti inafaa kuliko jinzi, ambayo ikilowa haikauki kesho wala keshokutwa. Kibo, kwenye mita 4,700, usiku maji huganda. Juu ya jezi liwepo sweta zito, na juu yake koti lisilopitisha upepo wala mvua. Soko la Memorial pale Moshi lina makoti ya baridi ya mitumba tele, yaliyotoka nchi zenye theluji.

Begi linakaa kiunoni

Kwenye begi wazazi huangalia zipu na rangi. La muhimu ni mkanda wa kiunoni. Begi la shule huning'inia mabegani na kumvuta mtoto nyuma, naye hujikunja mbele ili asianguke. Begi la safari lenye mkanda mpana hukaa juu ya mifupa ya nyonga, na miguu ndiyo inayobeba. Mtoto afunge mkanda wa kiunoni kwanza, kisha ndipo avute kamba za mabegani. Wengi hufanya kinyume. Vitu vizito vikae karibu na mgongo, si mfuko wa nje.

Uzito ambao mtoto anaweza kutembea nao siku nzima ni kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake. Mtoto wa kilo 45 asizidishe kilo sita na nusu. Maji lita mbili, koti la mvua, sweta, kofia, glavu na chakula cha mchana vikishaingia, nafasi iliyobaki ni ya plasta na tochi. Begi la lita 25 au 30 linatosha kabisa.

Mzigo mkubwa hubebwa na wapagazi, na hapo ndipo wazazi hujisahau. Mama wa Kimara alifungasha taulo mbili, chupa kubwa ya mafuta ya kupaka, paketi sita za biskuti, raba za ziada jozi mbili, blanketi na sabuni ya unga. Baba aliazima mizani dukani kwa jirani: kilo 14. Mlimani mpagazi hutakiwa kubeba mzigo usiozidi kilo 20, na katika hizo kuna pia chakula na vyombo vya kundi zima. Anayebeba naye ana mama yake. Vilitolewa vitu sebuleni, huku mama akilalamika, mpaka zikabaki kilo nane.

Kuna jambo moja ambalo vifaa haviwezi kulizuia, nalo ni ugonjwa wa mwinuko. Buti za gharama hazimfanyi mtoto azoee hewa nyepesi. Aambiwe kabla ya kuondoka kwamba kichwa kikimuuma sana, akitapika au akianza kuyumba, amwambie mwongozaji bila kuficha, na kwamba nyumbani hakuna atakayemlaumu kwa kurudi. Mtoto anayejua gharama za safari huficha maumivu, kama yule binti alivyoficha visigino kule Pugu.

Maneno hayo alikuwa ameambiwa. Usiku wa kwenda kileleni kichwa kilimbana akiwa bado Kibo, alisema, na mwongozaji mmoja akamshusha Horombo kabla ya mapambazuko. Asubuhi alikuwa anakunywa uji.

Basi liliporudi Dar, wazazi wengine walikuwa wanaomba kuona picha. Mama alimketisha binti yake kwenye ukingo wa baraza na kumwambia avue soksi. Ukucha mmoja wa mguu wa kulia ulikuwa na weusi kidogo. Visigino vilikuwa vizima. Viatu vilioshwa tope jioni ileile, vikajazwa magazeti ndani na kuanikwa kivulini, kwa sababu jua kali hulegeza gundi, na mdogo wake, aliyecheka, alikuwa ameshaanza kuvijaribu.